Kufufua Datsun 240Z Nyumbani: Kutu Kwanza, Breki Pili, Rangi Mwisho

Gari langu ni Datsun 240Z ya 1972, gari la michezo la Kijapani. Nilipolichukua lilikuwa limekaa miaka 11 chini ya turubai. Tairi zilikuwa zimebonyea, panya wamezaa ndani ya kasha la kichujio cha hewa, na kanyagio la klachi lilikuwa likizama mpaka sakafuni bila kurudi. Leo linawaka upesi, linasimama pale ninapotaka, na unaweza kukaa ndani yake saa tatu bila kuumwa kichwa kwa moshi. Kazi hiyo ilinichukua miaka minne ya jioni na siku za mapumziko. Ingekuwa miwili na nusu kama nisingeanza na rangi.

Mwaka wa kwanza nilipaka boneti na madgadi za mbele kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuliona gari likipendeza. Miezi minane baadaye nilizifungua tena ili nichomelee nyuma yake. Madgadi moja ilikwaruzwa na jeki, nyingine ikalika rangi baada ya kumwagikiwa mafuta ya breki. Ndiyo maana mwongozo huu ninauandika kwa mpangilio wa kazi. Vipimo utavipata kwenye kitabu cha huduma cha gari lako. Mpangilio ndio ulionigharimu.

Hata kama gari lako si 240Z, mengi ya hapa yatakufaa. Magari ya michezo ya enzi ile yana udugu: bati jembamba, kabureta, waya zilizozeeka, na mmiliki wa tano au wa sita aliyekata kitu mahali asipostahili kukata.

Kabla ya bolti ya kwanza

Usifungue gari lote. Najua hamu hiyo. Unaona bolti imelegea vizuri, unafuata ya pili, kufika jioni una mifuko arobaini na hujui kipi ni cha wapi. Fungua sehemu moja, itengeneze, irudishe, ndipo uende nyingine. Kila unachofungua kipige picha mara tatu: kikiwa mahali pake, kikiwa nusu kimetoka, na kikiwa mezani na bolti zake zote. Bolti zitie kwenye mfuko wenye jina. Kama bolti za sehemu moja zina urefu tofauti, chora umbo la sehemu hiyo kwenye kadibodi na uzichomeke kila moja kwenye nafasi yake. Kifuniko cha mbele cha L24, injini ya gari hili, kina bolti za urefu tofauti, na kadibodi niliyochora iliniokoa.

Jeki ni ya kuinua tu. Ukishainua, gari likae juu ya stendi za chuma, nne za aina moja, kwenye sakafu ngumu na tambarare. Kwenye 240Z usiweke stendi chini ya reli za sakafu. Reli hizo ni bati lililokunjwa tu, na kama zina kutu zitaingia ndani kama karatasi. Mbele inua kwenye boriti inayobeba injini, nyuma inua kwenye difu, lile boksi la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Kabla ya kuingia chini, sukuma gari kwa mkono mara kadhaa. Likitikisika, shusha uanze upya.

Kutu

Hapa ndipo gari linapoamuliwa kama litapona au la. Injini mbovu inanunulika nyingine, ila bodi iliyooza ni miezi ya grainda na kuchomelea. Nilikagua kwa vitu viwili, mpini wa bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Bati zima ukiligonga linalia kwa sauti kali, bati lililooza linatoa sauti ya kadibodi. Sumaku inakuonyesha palipojazwa pati. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12, ndiye aliyepita na sumaku gari zima. Kila alipoita, “Baba, hapa haishiki,” nilibandika kipande cha utepe. Tulipomaliza tulikuwa na vipande 19.

Mahali pa kutazama kwenye gari hili panajulikana. Chini ya betri, kwa sababu asidi imekuwa ikidondoka miaka yote. Sakafu ya dereva na abiria, pamoja na reli zilizo chini yake. Ile pembe ya nyuma ya gurudumu la mbele ambapo madgadi inakutana na boksi la chini ya mlango, kwa kuwa matope hukusanyika humo na kukaa na unyevu. Kona iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma. Shimo la tairi la akiba. Bati lililo chini ya kioo cha mbele, ambalo hutaliona mpaka utoe kifuniko cha matundu ya hewa. Madgadi za mbele zimefungwa kwa bolti tu, kwa hiyo zitoe kabla hujasema gari ni zima.

Ukilazimika kukata boksi za chini ya milango, fahamu kwamba gari hili halina chesisi ya kando, hayo maboksi ndiyo uti wa mgongo wake. Acha milango ikiwa imefungwa mahali pake. Pima nafasi kati ya mlango na bodi sehemu tatu kila upande, andika. Chomelea bomba la mraba kukatiza uwazi wa mlango, toka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ndipo ukate upande mmoja, umalize, pima tena, halafu uhamie wa pili. Rafiki yangu alikata pande zote mbili kwa siku moja. Milango yake mpaka leo haifungi bila kuinuliwa kwa mkono.

Bati ni jembamba na linapinda kwa joto, basi usivute mstari mrefu. Weka nukta moja, ruka upana wa kiganja, weka nyingine, rudi baadaye ujaze katikati. Kila kipande kipake praima ya zinki upande wa ndani kabla ya kukifunga, maana hutaufikia tena. Toa tangi la petroli, toa mazulia, tenganisha betri na alteneta, na uwe na kizima moto mkononi mwa mtu anayekutazama. Usichomelee mahali ulipotoka kusafisha kwa dawa ya breki yenye klorini. Joto huigeuza kuwa gesi ya fosijini, ambayo ni sumu inayoua. Na tangi la petroli usilichomelee nyumbani kamwe, hata kama limekauka mwaka mzima. Mvuke hubaki ndani ya kutu.

Breki, kisha magurudumu

Mbele kuna diski, nyuma ngoma. Sikujaribu kuokoa chochote cha mpira: mipira yote ya breki, masta silinda, silinda ndogo za nyuma na sili za kalipa vilikuwa vipya. Mabomba ya chuma niliyabadilisha kwa ya shaba na nikeli, yanayokunjika kwa mkono na hayashiki kutu. Vumbi lililo ndani ya ngoma za zamani usilipulize kwa hewa wala usilifagie. Linaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunywa unyevu wa hewani, na yakishalowana kiwango cha chini kinashuka mpaka nyuzi 155. Chupa iliyokaa wazi rafuni ni ya kutupa. Kutoa hewa anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kama hewa imekwisha na kanyagio bado linakwenda chini sana, usikimbilie kununua masta silinda nyingine. Tazama vifaa vya kurekebishia breki za nyuma. Vikiganda, shuu zinakaa mbali na ngoma, na nusu ya safari ya kanyagio inaishia kuzisogeza. Mimi nilitoa hewa mara nne kabla ya kulitambua hilo.

Bushi za nyuma zina mtego mmoja ambao kila mwenye Z anaujua: pini ndefu inayopita chini ya mguu wa shokapu na kushika mkono wa chini. Baada ya miaka 50 pini hiyo na chuma kinachoishika huwa kitu kimoja. Katikati yake kuna kipini kidogo cha kufungia; kisipotoka kwanza, hata nyundo ya kilo tano haitasaidia. Kitoe, rudisha nati ili ilinde meno, mimina mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa wiki nzima, pasha joto chuma cha nje, kisha vuta kwa kifaa cha kuvutia pini. Niligonga upande wa kwanza kwa hasira na kupasua meno, ikabidi pini ikatwe. Upande wa pili nilisubiri siku tisa, ukatoka mzima. Na kama bushi zako bado ni nzuri, achana na pini hiyo kabisa.

Petroli na injini

Petroli ya miaka 11 ni gundi. Nilimwaga yote, nikatoa tangi, nikalijaza maji yenye asidi ya limau kwa siku mbili, nikalisuuza na kulikausha mara moja. Mipira midogo ya mvuke iliyo nyuma ya paneli ya kulia ilikuwa imepasuka kama udongo mkavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinusisha petroli ndani, tangi lilikuwa zima.

Injini iliyokaa muda mrefu usiipige stata. Toa plagi zote sita, mimina kijiko cha oili kila silinda, acha siku tatu, kisha izungushe kwa mkono ukitumia soketi kwenye bolti ya pulli. Ikizunguka raundi mbili bila kukwama, badili oili, ndipo uipe betri.

L24 ni injini ya sentimita za ujazo 2393, bloku ya chuma, hedi ya alumini, kamshafti moja juu. Ni ngumu ajabu. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mara mbili, 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta, na injini zile hazikuwa za nasaba nyingine. Kwa hiyo usiamini haraka kwamba yako imekufa. Pima mgandamizo injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa mpaka chini. Silinda zangu tano zilisoma kati ya psi 150 na 158, ya nne ikasoma 118. Nilimimina oili kidogo humo nikapima tena, haikupanda. Ingepanda, tatizo lingekuwa ringi. Isipopanda, shuku valvu.

Kabla ya kuondoa hedi, rekebisha nafasi za valvu: milimita 0.25 ya kuingiza na 0.30 ya kutolea, injini ikiwa ya moto. Valvu ya kutolea ya silinda ya nne ilikuwa haina nafasi hata kidogo, haikuwa inafunga. Kuirekebisha kulipandisha silinda hadi 130. Ilikuwa imeshaungua ukingoni, basi hedi ikatoka.

Hapa naomba usome mara mbili. Ukifungua gia ya kamshafti, cheni inalegea na kikazio chake kinaruka nje ndani ya kifuniko cha mbele. Kikiruka, unafungua mbele yote ya injini ili ukirudishe. Tengeneza kabari ya mbao ngumu, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, nyembamba chini, na uifunge waya imara juu. Zungusha injini mpaka silinda ya kwanza ifike juu kabisa, tia alama ya rangi kwenye gia na kwenye cheni, gongea kabari katikati ya pande mbili za cheni, hakikisha imeshika, ndipo ufungue. Usiguse kabari mpaka hedi mpya imerudi na gia imekazwa. Bolti za hedi hulegezwa kuanzia pembeni kuja katikati, na hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, kwa spana inayopima nguvu.

Kabureta mbili za Hitachi zinafanana na zile za Kiingereza za SU, na zinahitaji subira tu. Zisafishe, hakikisha pistoni inashuka yenyewe kwa mlio mfupi, jaza oili nyepesi kwenye kikombe cha juu. Anza na nati ya jeti zamu mbili na nusu kutoka juu kabisa. Injini ikiwa ya moto, weka mpira mwembamba sikioni na ncha ya pili mdomoni mwa kabureta ya kwanza, sikiliza mvumo, hamia ya pili. Sawazisha mpaka mvumo ulingane. Kisha inua pistoni ya kabureta moja milimita moja tu: mzunguko ukipanda kidogo na kutulia, mchanganyiko uko sawa; ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi; injini ikitaka kuzima, ni kidogo. Watu wengi hutupa kabureta hizi na kuweka tatu kubwa kabla hawajawahi kuzisikia zikiwa zimesawazishwa. Wanapoteza gari tamu.

Umeme

Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani. Kwenye betri nilipima volti 12.6, kwenye taa 10.4, na swichi ilikuwa ya moto kushikwa. Weka rilei mbili karibu na taa, zilishwe moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, na swichi ibaki ya kuamuru rilei tu. Safisha pia kila mahali waya wa ardhi unapogusa bodi, mpaka chuma king’ae. Nusu ya vituko vya umeme kwenye gari langu viliisha hapo.

Sasa ndipo ulifanye liwe lako

Kanuni yangu ni moja: kila nilichobadilisha kirudishike kwa spana. Vifaa vya asili viko kwenye sanduku, vimepakwa oili na kuandikwa majina. Kukata matao ya magurudumu ili kuweka madgadi pana siwezi, na simshauri mtu, kwa sababu bati hilo halirudi.

Kilichobadilisha gari zaidi ni distribyuta ya kielektroniki ya Datsun 280ZX, ndugu mdogo wa 240Z aliyekuja baadaye, badala ya pointi, yaani vile viguso vya kukata umeme wa koili. Inakaa mahali pale pale, na injini inawaka asubuhi bila kubembelezwa. Angalia tu waya wa kipima mizunguko. Kwenye 240Z kipimo hicho husoma umeme unaokwenda kwenye koili, ukikiruka kinakufa. Cha pili ni giaboksi ya gia tano, pia kutoka 280ZX. Safari ndefu imekuwa ya utulivu, sauti imeshuka.

Kwa breki, kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ya zamani yenye kuendesha magurudumu yote zinafunga kwenye miguu ya mbele ya Z. Unachoondoa ni bati la kukinga vumbi. Lakini mbele ikizidi nguvu, nyuma iliyolegea itajionyesha, kwa hiyo ngoma ziwe zimeshatengenezwa.

Rimu asili zilikuwa inchi 14 kwa upana wa 4.5, bolti nne kwenye mduara wa milimita 114.3. Nimeweka inchi 15 kwa 7, ofseti sifuri, tairi 205/60. Kabla ya kununua, funga rimu ya kuazima nyuma na utazame ndani, si nje. Tairi hugusa sahani ya springi ya shokapu kabla haijagusa madgadi. Nimeshusha gari milimita 25. Nilijaribu 50, mikono ya chini ikainuka kupita usawa, usukani ukawa unavutwa kwenye kila tuta, nikarudisha.

Rangi

Mwisho kabisa, na kazi kubwa ni msasa. Kuandaa nilifanya mwenyewe kwa wiki sita, kunyunyiza niliwaachia wenye chumba maalumu. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumishaji huwa na aisosaianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haizuii. Zinahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje. Rangi ikishakauka, nyunyizia nta ndani ya maboksi yote ya bodi kupitia matundu yake mpaka idondoke chini.

Kabla hujaanza kufurahia barabara, kuna jambo moja la usiku. Z ina tabia ya kuvuta moshi wake wenyewe kupitia mlango wa nyuma, na moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Subiri giza, injini ikiwa imezimwa. Binti yangu aliingia nyuma na tochi, nikafunga mlango, akapitisha mwanga taratibu kuzunguka ukingo na nyuma ya taa nyekundu. Nikiwa nje niliona nyuzi nne za mwanga: mbili kwenye mpira wa mlango, moja kwenye gasketi ya taa ya kushoto, na moja kwenye tundu la sakafu lililokosa kizibo. Tuliziba zote nne jioni ileile. Baada ya kilomita 500 nilikaza tena bolti za hedi, nikapima valvu, nikabadili oili.